Draya ya Kimarekani ya zamani, usikate plagi kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba alirudi toka Marekani na draya (mashine ya kukaushia nguo) ya General Electric ya miaka ya 70, imekaa stoo huku Chumbageni, Tanga, tangu hapo, na masika haya nguo hazikauki kabisa. Nyuma imeandikwa volti 120/240, hezi (mipigo ya umeme kwa sekunde) 60. Kuna kijana anasema umeme wetu ni 230, kata plagi weka ya kwetu itawaka tu. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimruhusu. Ni kweli hita ni ya 240, hiyo kwa umeme wetu inachemka vizuri, inapungua nguvu kidogo tu. Ila mota ya kuzungusha drum ni ya 120, na mara nyingi kimota cha taima na taa ya ndani pia, kwa sababu kule nyumba inaingiziwa laivu (waya wa moto) mbili na nyutro (waya wa kurudishia umeme), laivu kwa laivu unapata 240, laivu kwa nyutro 120. Sisi tuna laivu moja. Sasa akikosea kidogo tu mota inakula 230, inanguruma, inatoa moshi, basi imekwenda.

Kinachotakiwa ni kutenganisha: hita ipate 230 moja kwa moja, upande wa mota upite kwenye tranfoma, kifaa cha kushusha volti. Na hapa mafundi wengi wanapitwa, mota ya hezi 60 ukiipa hezi 50 za umeme wetu inataka volti pungufu, 120 mara 50 gawa kwa 60 ni 100, kwa hiyo tafuta tranfoma ya kutoa 100, watts 1500 kwenda juu maana mota ikianza inavuta sana. Itazunguka polepole kidogo, na taima nayo itachelewa, ukiweka dakika 60 itakwenda 72, usidhani imeharibika.

Jambo la hatari zaidi ni bodi ya mashine, yaani bati lake la nje. Kama waya wake una nyaya tatu tu, ndani kuna kibati kinachounganisha nyutro na bodi. Kitoe, halafu bodi ipate ethi yake (waya wa kwenda ardhini), la sivyo siku laivu na nyutro zikigeuzwa unashika mlango na mikono ina maji, na hilo linaua mtu.

Hita peke yake inaweza kuvuta ampia 20 na kitu, kwa hiyo sahau soketi ya ampia 13, vuta laini yake toka kwenye breka, na LUKU nayo utaisikia.

Binafsi mashine hizi nazipenda mno, hazina bodi ya elektroniki, mkanda mmoja unazunguka drum yote, themostati ni vibati viwili vinavyojipinda vikipata moto, kila kitu unakipima kwa mita na kinakupa jibu. Kwa hewa yetu ya chumvi kagua kwanza vichwa vya nyaya za hita, vikiwa na kutu vinaungua. Safisha na manyoya ya nguo yote mpaka kwenye bomba la kutolea hewa, hayo yanashika moto upesi. Ukifungua mgongo nipigie picha ya kibati cha maandishi kwenye mota, tupange tranfoma kabla hujanunua.