Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) akija nyumbani

SWALI: Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Mtaalamu anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki, lakini mama analalamika bega. Tutegemee nini? – Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Pole kwa kuuguza. Ziara ya kwanza huwa ya kupima zaidi: nguvu, uwezo wa kujisawazisha asianguke, anavyogeuka kitandani. Zinazofuata ni mazoezi, na mtaalamu atawafundisha ninyi pia, kwa sababu siku anazokosekana ndizo nyingi.

Tuanze na bega. Misuli inayoshikilia kiungo imelegea, hivyo mkimnyanyua kwa kumvuta mkono au kumshika kwapani, mfupa husogea na kuumia. Msifanye hivyo kabisa. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Akilalia mgongo, wekeni mto chini ya bega na mkono. Mwambieni mtaalamu habari ya maumivu kabla hajaanza.

Kusimama: kiti kigumu kiegemee ukuta. Asogee mbele ya kiti, nyayo zirudi nyuma ya magoti, ainame mbele ndipo ainuke. Mara tano, apumzike, arudie, kila siku. Msaidizi awe upande uliolegea. Ondoeni mikeka inayoteleza. Joto la Dodoma likizidi, fanyeni asubuhi.

Uchovu kidogo ni kawaida. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: acheni mazoezi, mpelekeni hospitali mara moja.