Maswali yenu kuhusu simu ya kutafsiri

Video ya simu ya kioo kitupu, ile inayotafsiri maongezi papo hapo, imezunguka sana WhatsApp na maswali yamefuata. Nimechagua matano.

*Ile simu inauzwa wapi, na kwa bei gani? (Fundi simu, Mwanza)*

Haiuzwi popote. Ni simu ya mfano: mbunifu ameichora kwenye kompyuta kuonyesha anachokiwaza, na hakuna kiwanda kinachoiunda. Fundi, wewe mwenyewe jiulize betri imekaa wapi kwenye kioo kinachopitisha macho hadi upande wa pili. Akitokea mtu anataka utangulize hela ya oda, mkimbie.

Ila simu kutafsiri maongezi si jambo la kesho. Kule Japani, kampuni ya NTT DoCoMo ilianza huduma hiyo Novemba 2012, kati ya Kijapani na Kiingereza, Kichina na Kikorea. Kazi nzito ilifanywa na mitambo ya kampuni. Simu ya mteja ilipeleka sauti tu.

*Simu yangu ni ya bei mbaya na inatafsiri mtu akinipigia, lakini Kiswahili sikioni. Tumekosea wapi? (Mwalimu, Mombasa)*

Samsung ilipotoa Galaxy S24 Januari 2024, tafsiri ya simu ilikuja na lugha 13, Kiswahili hakimo. Apple nao, walipoleta tafsiri ya AirPods, spika zao za masikioni, mwaka 2025, walianza na Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kireno na Kihispania. Wakati huohuo Kiswahili cha kuandika kimo Google Translate tangu 2009. Kwa hiyo kinachopungua ni sauti.

Kwa kawaida mashine inapita hatua tatu: inasikiliza na kuandika ulichosema, inatafsiri maandishi hayo, kisha inayasoma kwa lugha ya pili. Hatua ya kwanza ikiteleza, mbili zilizobaki zinatafsiri kosa hilo kwa ufasaha mtupu. Na ili ijue kusikiliza, lazima ifundishwe kwa sauti za watu wengi: wa Lamu, wa Tanga, wa Lubumbashi, wazee, vijana, mwenye mafua, anayeongea stendi huku konda anapiga kelele. Sisi tunapenda kujisifu kwa wingi wa wasemaji, lakini wingi huo bila rekodi hauisaidii mashine chochote. Wanyarwanda, ambao hawatufikii kwa idadi, wamerekodi zaidi ya saa 2,000 za Kinyarwanda kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla. Kiswahili nacho kimo humo. Unaletewa sentensi, unaisoma kwa sauti, mtu mwingine anaisikiliza na kuikubali au kuikataa. Mwalimu, una shule nzima yenye lafudhi ya Kimvita, na unaniuliza mimi?

*Naenda Guangzhou kuchukua viatu vya duka langu Kariakoo. Simu itatosha au nikodi mkalimani? (Mama wa duka, Dar es Salaam)*

Kwa kuchagua na kupatana bei, simu inatosha, mama, ukijiandaa ukiwa bado nyumbani. Huduma za Google zimezuiwa China bara, na ile ya tafsiri iliyokuwa imebaki huko Google wenyewe waliifunga Oktoba 2022. Pakua mafaili ya Google Translate ya kutafsiri bila intaneti, ya Kiswahili, Kiingereza na Kichina, kabla hujapanda ndege. Kisha zima data na Wi-Fi ukiwa sebuleni, ujaribu. Kinachokataa hapo kitakataa na kule.

Andika badala ya kuongea. Soko lina kelele. Sentensi ziwe fupi, jambo moja moja: “Nataka pea 200. Rangi nyeusi. Namba 38 hadi 42.” Halafu, na hili ndilo watu wengi hawalifanyi, chukua Kichina kilichotoka ukirudishe kwenye Kiswahili. Pea 200 zikirudi zimekuwa katoni 200, umejiokoa kabla ya kulipa. Bei iandikwe kwenye kalkuleta, kama wafanyavyo wenyeji wenyewe. Miadi iandike kwa mfumo wa saa 24, maana ukisema saa mbili asubuhi, anaweza kukusubiri usiku wa manane. Makubaliano yapitishe WeChat, programu ya meseji ya Wachina: ina tafsiri ya meseji ndani yake, na maneno yanabaki. Mkalimani mlipe siku ya kusaini mzigo mkubwa, au ukigombana na mwenye kiwanda.

*Niko mwaka wa pili nasoma Kichina chuoni. Je, nimepoteza ada? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Hapana. Simu ikikosea mahakamani au hospitalini, hakuna wa kumuuliza. Ongeza somo la sheria au la biashara juu ya hicho Kichina.

*Mdogo wangu anaanza kazi za ndani Muscat na hajui Kiarabu. Programu gani nimwekee? (Dada mkubwa, Tanga)*

Yoyote yenye kamera ya kusoma maandishi, itamsaidia kwenye dawa, sabuni na vibao vya barabarani. Maongezi ya jikoni yatamsumbua mwanzoni, kwani Kiarabu cha kuzungumza Oman hakilingani na kile cha taarifa ya habari. Lakini ajaribu na Kiswahili pia, asione haya. Familia zenye asili ya Zanzibar si chache kule.

Mkataba ni jambo lingine kabisa. Kamera itamwonyesha karatasi inahusu nini, basi. Kifungu cha mshahara, siku ya mapumziko na nani anakaa na pasipoti vinahitaji mtu anayesoma Kiarabu, tena asiyelipwa na wakala. Azipige picha kurasa zote, hata ile yenye muhuri peke yake, akutumie. Ukishapata mtu wa kuzisoma, ndipo asaini.