Nyinyi mnaoanza utafiti wa mifupa, yashikeni haya kabla hamjamlaza mtu kwa mashine

Haya sikizeni, kila mwaka tunapata vijana wapya wa utafiti na wote wanakuja mbio kwa mashine ya DXA, ile ya eksirei inayopima wingi wa madini ya mfupa, wakidhani kazi ni kubonyeza na kusoma namba. Mambo siyo hivyo. Mfupa unabadilika polepole mno, mama aliyekoma hedhi anaweza kupoteza asilimia moja au mbili ya madini ya mfupa kwa mwaka, ile miaka ya mwanzo estrojeni ikishuka saa zingine inazidi hapo, na wewe ukimlaza vibaya tu unaweza kukosea kiasi hicho hicho. Ni kama kupima maji ya Kilindini yamepanda kiasi gani na wewe mwenyewe uko ndani ya mashua.

Kwa hivyo anzeni na mikono yenu. Nyonga, mguu ugeuzwe ndani nyuzi 15 mpaka 25 na ufungwe kwenye kile kishikio, usipougeuza vizuri shingo ya mfupa wa paja inaonekana fupi na namba inapanda bure. Mgongo tunasoma pingili za L1 mpaka L4, na hapa ndo wengi hudanganyika, manake mzee mwenye mgongo uliochakaa anaota vimfupa pembeni, mshipa mkubwa nao umeshika chokaa, mashine inahesabu vyote hivyo afu unaambiwa ana mifupa ya kijana! Tazama picha kwanza, namba baadaye. Pingili iliyoharibika itoe lakini usije ukabakisha moja peke yake ukaitolea hukumu.

Afu kuna shanga. Huku kwetu akina mama wana shanga za kiunoni, kuna hirizi, kuna pini za mtandio, na vyote vinaweza kuharibu picha. Usisimame na fomu yako ukamwambia mtu mzima "vua". Mwenzako wa kike amkaribishe faragha, amwamkie, amweleze kwanza kwa nini, na akikataa kuvua hirizi yake mwachie, andika iko wapi na muende na sehemu nyingine ya mwili, mkono pia unapimika. Na muulizeni kama amekunywa vidonge vya kalsiamu siku hiyo, kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni kinaonekana juu ya mgongo kama sehemu ya mfupa.

Kabla ya mtu wa kwanza kila asubuhi pimeni fantomu, kile kifaa cha mfano wa mfupa cha kukagua mashine, na stima ikikatika mkarudia tena, hata kama foleni imefika nje. Kila anayeshika mashine apimwe usahihi wake yeye mwenyewe: watu 15 mara tatu tatu, au 30 mara mbili mbili, na kila mara mtu ashuke kitandani apande upya. Kosa unalopata zidisha kwa 2.77, hapo unajua badiliko dogo kabisa la kuaminika. Kwa mgongo kosa linalokubalika halipiti asilimia 1.9, ukizidisha ni kama 5.3. Sasa mtu ana badiliko la asilimia 2 baada ya miezi sita na wewe unamwambia dawa imekataa, umeitoa wapi hiyo? Na msichanganye mashine za kampuni mbili kwa mgonjwa mmoja, namba zao hazilingani.

T-skoa nayo, ile namba ya kumlinganisha mtu na vijana. Mpaka wa -2.5 wa kusema mtu ana osteoporosisi, yaani mifupa imepungua na kudhoofika, uliwekwa na WHO mwaka 1994, na kwa shingo ya paja unaolinganishwa nao ni wanawake wazungu wa Marekani wa miaka 20 mpaka 29. Mama wa Kisauni analinganishwa na hao. Sisemi namba haina kazi, inatusaidia, lakini ukiandika kwenye tasnifu yako kwamba wanawake kadhaa wa Mombasa wana osteoporosisi, sema wazi umewalinganisha na nani. Mwanamke ambaye bado anaona hedhi, au mwanamume chini ya 50, tumia Z-skoa, inayomlinganisha na watu wa umri wake.

Fomu za maswali mimi naziona ngumu kuliko mashine. Mabibi wengi hawana tarehe ya kuzaliwa ya kweli, ile ya kitambulisho ilikadiriwa na karani, sasa muulize Uhuru ulimkuta akiwa mkubwa kiasi gani, au mzee Kenyatta alipofariki hapa hapa Mombasa Agosti 1978 alikuwa ana watoto wangapi. Chakula pia, fomu za kuazima zinauliza jibini na yogati, hakuna anayekula, mtu anaonekana hapati kalsiamu kabisa kumbe anakula dagaa na mifupa yake na uji wa wimbi kila siku. Dawa usiulize kwa majina, mwambie aje na mfuko wake wote, humo ndo utakuta prednisoloni ya pumu, nayo inakula mfupa. Tenofoviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, na sindano ya depo ya kupanga uzazi zote zinagusa mifupa lakini hayo yaulizwe mlango umefungwa, binti mkwe asiwe karibu. Jua tunalo tele, ila ngozi lazima ilione ndo vitamini D itengenezwe, na mtu wa buibui anayeshinda ndani anaweza kuwa chini, pimeni damu na msimhubirie mavazi.

Damu ya CTX, kipimo cha kuonyesha mfupa unavyovunjwa mwilini, ni asubuhi, na tumbo tupu. Ramadhani msiichukue, mtu amekula daku alfajiri na usingizi wake umegeuka, subirini Idi ipite. Nimeona mradi mzima umepangwa mwezi huo na mtu aliyekaa Nairobi, wallahi.

Vibali, kamati ya maadili na NACOSTI, ile tume ya taifa inayotoa kibali cha utafiti, anzeni mapema na msilalamike.

Majibu warudishieni wenyewe, kwa Kiswahili. Na aliyeshuka urefu zaidi ya sentimita 4 tangu ujana wake apigwe eksirei ya mgongo hata kama DXA yake ni nzuri, manake pingili nyingi zinabonyea na mtu haendi hospitali, anasema ni uzee. Hilo liwe kwenye protokali pamoja na nani atagharamia hiyo picha, kamati itawauliza.