Tairi za Corolla: mshindi wa jumla si lazima awe wako

Ndugu, umeuliza kama orodha ya majaribio ya tairi ya ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, inaweza kukuchagulia tairi za Corolla, saizi 195/65 R15, hapo Tabora. Inasaidia, ila anza na safu ya breki kwenye lami yenye maji. Masika ndiyo yanayoumbua tairi. Kelele iache mwisho. Matokeo ni ya saizi iliyopimwa tu, na changarawe haimo.

Dukani inama usome ubavuni tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo wa kiwandani: 2324 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23, mwaka 2024. Iliyoanikwa juani miaka mitano, hata kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) zikiwa nene, mpira umeshakakamaa. Kwenye namba ya uzito inayofuata saizi, usishuke chini ya 91, yaani kubeba kilo 615 kwa tairi. Ukimudu mpya mbili tu, zifunge nyuma.