Kiafrikana kabla ya kwenda Paarl

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kujifunza Kiafrikana kabla ya kwenda kufanya kazi Paarl, mji wa Afrika Kusini. Ipo. Vitenzi ni vyepesi mno: ek loop, jy loop, ons loop (natembea, unatembea, tunatembea), nafsi haibadilishi kitu. Kinachosumbua ni kukanusha, maana nie, neno la kukanusha, hurudiwa mwishoni: ek verstaan dit nie so goed nie (silielewi vizuri sana). G itamke kama kh ya Khamis. Sikiliza RSG, redio ya Kiafrikana.

Watu wazima waite oom (mjomba) na tannie (shangazi), hata wasio ndugu. Lakini ukifika Soweto, kitongoji cha Johannesburg, usianze na Kiafrikana. Mwaka 1976 wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa masomo kwa lugha hiyo, wakapigwa risasi.

Ukialikwa braai, yaani kuchoma nyama pamoja, uliza ubebe nini, na usiende na njaa: nyama huchelewa.