Mbeleko ya mtoto wa miezi miwili

Mdogo wangu, umeuliza mwanao wa miezi miwili umbebe kwa kanga au ununue mbeleko ya mikanda. Yoyote inafaa, ila shingo yake haijakaza, kwa hiyo mgongoni bado. Mbebe kifuani, akutazame wewe. Ukinunua, kitambaa cha kukalia kiwe kipana, kifike nyuma ya magoti yote mawili, magoti yawe juu kuliko makalio. Zile nyembamba zinazoacha miguu ikining'inia achana nazo, hata zikiwa na maua mazuri. Kidevu kisigandamane na kifua, vidole vyako viwili vipite hapo. Wangu akisinzia tu kichwa kilizama, nikawa namwinua kila mara. Jikoni usiende naye, mafuta yanaruka. Ijaribu dukani mtoto akiwa ndani. Mabega yakiuma hapo hapo, iache.