Anza na mkuu wa fedha

Ukikabidhiwa kazi ya kuanzisha kitengo cha kuwekeza kwenye kampuni changa ndani ya kampuni kubwa, wiki ya kwanza utatamani kukimbilia kwa waanzilishi. Subiri. Nenda kwanza kwa mkuu wa fedha umuulize: fedha hizi ni za mwaka mmoja au za miaka kumi?

Mimi sikuuliza. Tulipewa fungu ndani ya bajeti ya kawaida, tukanunua hisa katika kampuni tatu. Mwaka wa pili mauzo ya kampuni mama yakashuka, fungu likakatwa, na wakati huohuo moja ya zile tatu ikaanza kutafuta mtaji wa awamu iliyofuata. Mwanzilishi alinipigia simu: mnaongeza au hamwongezi? Nilibabaika. Wawekezaji wengine walipoona sisi tunaomjua kwa karibu tumenyamaza, wakahisi kuna jambo tunalificha. Hakukuwa na lolote. Basi omba fedha zilizotengwa kwa miaka kadhaa, na sehemu yake nzuri iwekwe akiba kwa ajili ya awamu zinazofuata.

Kamati ya uwekezaji iwe ndogo, watu watatu au watano, yenye mamlaka ya kuamua bila kusubiri kikao cha bodi cha robo mwaka. Kampuni changa nzuri haikai sokoni ikikungoja.

Wanasheria wenu pia watawatia matatani, tena kwa nia njema. Hati yetu ya kwanza ilitupa haki ya kuinunua kampuni kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanzilishi aliisoma, akaweka kalamu chini. "Nani atajisumbua kukadiria bei yangu," akauliza, "wakati anajua ninyi mtanichukua kwa bei hiyohiyo?" Kifungu tukakifuta palepale.

Suala la malipo ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwaka 1989 Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, ilianzisha mfuko wa uwekezaji wa dola milioni 30, na wasimamizi wake wakaahidiwa mgao wa faida kama ilivyo kwenye mifuko huru, ile isiyo chini ya kampuni kubwa. Mfuko ulizaa faida kubwa, lakini mgao ule ukaleta kinyongo ndani ya kampuni, na mfuko ukafungwa kabla ya muda wake. Usipolipa mgao, watu wako wazuri watahamia mifuko huru. Ukilipa, wakuu wa idara watanuna. Mimi ningelipa, ila ningehakikisha mkurugenzi mkuu amewaeleza wakuu hao mapema, yeye mwenyewe, si kwa waraka.

Na kabla hujamwahidi mwanzilishi kwamba kampuni yenu itakuwa mteja wake, pita kitengo cha manunuzi. Sisi tuliahidi kwanza. Manunuzi wakamtaka alete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kampuni yake ilikuwa na miezi kumi na minne.